Anayepita Kimya Juu ya Majaruba

Kusini mwa mji wa Moshi, pale mteremko wa Kilimanjaro unapokwisha na ardhi kuwa tambarare, maji ya chemchemi za Njoro na ya Mto Rau huingizwa kwenye mifereji na kugawanywa jaruba kwa jaruba. Huo ndio mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani, na Mabogini ni mojawapo ya vijiji vyake, pamoja na Chekereni, Rau ya Kati na Oria. Mradi ulijengwa kwa ajili ya mpunga, lakini penye maji yaliyotuama, matope na majani marefu hapaishi mpunga peke yake. Vyura huja, panya shamba huja, yangeyange na korongo huja, na nyuma yao huja ndege mbuai, yaani wale wanaoishi kwa kuwinda. Hawa wa mwisho, katika mazungumzo ya kila siku, karibu wote huitwa mwewe. Aliyenyakua kifaranga uani ni mwewe, anayepita juu ya mpunga ni mwewe, aliyetulia juu ya nguzo ya umeme naye ni mwewe. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba hao ni ndege tofauti, kwamba mkulima anaweza kuwatofautisha kwa macho na masikio aliyonayo, na kwamba asipowatofautisha hasara inarudi kwake, kwa sababu kosa la mmoja hulipwa na mwingine, na aghalabu huyo anayelipa ndiye anayemlindia shamba.

Wengi wetu tukitaka kumtambua ndege huanza na rangi. Kwa ndege mbuai wa majini na majarubani, rangi ndiyo shahidi anayebadilisha maneno kuliko wote. Tai mla samaki, yule mwenye kichwa, kifua na mkia mweupe, tumbo la rangi ya udongo mwekundu na mabawa meusi, haanguliwi akiwa hivyo. Huvaa manyoya ya kahawia yenye mabaka, akabadilika mwaka hadi mwaka, na huchukua takriban miaka mitano kufikia sura ile tunayoiona kwenye picha. Katika muda huo anaweza kudhaniwa kuwa ndege wengine hata watatu. Kwa jamii nyingine dume na jike hawafanani hata kidogo, na mtu asiyejua atahesabu aina mbili mahali ilipo moja. Kisha kuna mwanga. Saa sita mchana, jua likiwa utosini na mvuke ukipanda kutoka kwenye maji, ndege aliye angani huwa kivuli cheusi tu. Rangi yote imepotea, kimebaki umbo na mwendo. Anayetegemea rangi hapo hana la kusema. Anayetegemea mwendo bado ana kila kitu mkononi.

Tuanze basi na mwendo, na tuanze na yule anayestahili kujulikana Mabogini kuliko wote. Wataalamu humwita Circus ranivorus. Kwa Kiswahili cha kueleweka tumwite kipanga wa vinamasi. Ni ndege wa kahawia, mwenye urefu usiofika nusu mita kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, mwembamba, mwenye mkia mrefu, mabawa marefu na miguu mirefu. Hapai juu akazunguka kama wengine wanaposaka. Hupita chini, mita mbili hadi tano juu ya majani, akifuata kingo za majaruba na mistari ya matete. Hupiga mabawa mara kadhaa, kisha huyatuliza na kuteleza, na hapo ndipo alama yake kubwa inapoonekana: mabawa huinuka juu ya usawa wa mgongo, yakaunda pembe pana mfano wa herufi V. Huyumba kidogo kushoto na kulia, kichwa kimeelekezwa chini muda wote. Akifika mwisho wa jaruba hugeuka akarudi kwa mstari mwingine. Ghafla husimama hewani, hukunja mwili, miguu ikatangulia, akazama ndani ya majani. Mara nyingi huibuka mtupu na kuendelea. Mwenendo huo wote unaonekana kutoka umbali wa mita mia tatu bila darubini, na hakuna ndege mwingine wa uwanda huu nje ya ukoo wake anayeufanya kwa mfululizo huo.

Sasa mlinganishe na mwewe halisi, yule wa mdomo wa njano. Huyu huzunguka juu ya nyumba, machinjio, majalala na masoko. Mkia wake umechanika katikati, na hauachi kuusokota huku na huku anapogeuka, kama nahodha ashikaye usukani wa jahazi. Mabawa yake huyaweka sawa au kuyakunja kidogo kwenye kiungo. Hayainui katika pembe. Tai mla samaki naye ana mabawa mapana mno, yenye upana wa takriban mita mbili kutoka ncha hadi ncha, na mkia mfupi. Makazi yake ni penye maji mengi na samaki, kama bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini zaidi mwa hapa. Kuna pia kipanga mdogo mweupe na kijivu mwenye mabega meusi na macho mekundu, ambaye hupigapiga mabawa akiwa amesimama sehemu moja hewani, akitazama chini, kisha hushuka kidogo kidogo mithili ya mtu ashukaye ngazi. Na kuna tai mwenye kishungi, mweusi, mwenye manyoya marefu yanayopepea utosini, ambaye kazi yake kubwa ni kukaa. Hukaa juu ya nguzo au mti mkavu pembeni mwa shamba lenye unyevu, saa nzima, na akiruka madoa meupe huonekana kwenye mabawa. Ndege watano, namna tano za kuwa angani. Mtoto anayepeleka mbuzi malishoni anaweza kuzijua zote ndani ya msimu mmoja.

Wapo watakaosema kwamba kwa ndege sauti ndiyo kitambulisho cha kweli, na wana sababu. Sauti ya tai mla samaki haina mfano. Hutupa kichwa nyuma, hata akiwa anaruka, akatoa mlio mkali wa kupasua unaosikika mbali sana juu ya maji. Dume na jike huitikiana, na mwenye sikio zuri atatambua kwamba sauti ya dume ni nyembamba zaidi. Leslie Brown, aliyekuwa ofisa wa kilimo nchini Kenya kabla ya kuwa mwandishi mkubwa wa habari za ndege mbuai wa Afrika, aliwachunguza tai hawa katika Ziwa Naivasha, na katika maisha yao milio hiyo ina kazi maalumu: ni namna ya kutangaza mpaka, kila jozi ikiwaambia majirani kwamba sehemu hii ya ufuko ina wenyewe. Ndege anayeishi kwenye mti ulio wazi kando ya maji mapana ana faida ya kupiga kelele. Mwewe naye ana mlio wake, wa kuvuta na kutetemeka mwishoni. Tai mwenye kishungi hulia kwa sauti nyembamba ya juu, hasa akiwa hewani. Kwa hao, sikio linasaidia kweli.

Hata hivyo sauti ina mitego yake. Wa kwanza umetengenezwa na binadamu. Filamu za Marekani zina desturi ya zamani ya kumwonyesha tai wao mwenye kichwa cheupe huku zikipachika mlio wa kipanga mwingine mwenye mkia mwekundu, kwa kuwa sauti halisi ya tai huyo ni dhaifu na haivutii. Vizazi vimekua vikiamini kwamba kila ndege mbuai hulia namna ile, na imani hiyo imetufikia na sisi kupitia televisheni. Mtego wa pili ni wa ndege wenyewe. Katika vichaka vya ukanda wetu yupo ndege mdogo mwenye kichwa na tumbo la rangi ya kutu, fundi wa kuiga, ambaye katika nyimbo zake huingiza milio ya ndege wengine, wa tai mla samaki ukiwemo. Anayesikia mlio wa tai kutoka ndani ya kichaka, mbali na maji, na anahisi kama umepungua ukubwa, afadhali asiandike kitu mpaka amwone mwenye sauti. Na hapo jirani, Msitu wa Rau, ule msitu wa maji ya ardhini unaojulikana kwa mti adimu wa msoo, una hondohondo wanaoweza kumchanganya mgeni yeyote kwa vilio vyao. Sauti bila mwili ni dalili tu.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote ni kudhani kwamba pasipo sauti hapana ushahidi. Kipanga wa vinamasi ni ndege mkimya. Nje ya msimu wa kuzaliana anaweza kuzunguka shamba asubuhi nzima asitoe mlio hata mmoja, na ukimya huo ni sehemu ya utambulisho wake sawasawa na mkia wake. Sababu yake inaonekana usoni. Uso wa vipanga wa ukoo huu umezungukwa na duara la manyoya mafupi magumu, linalokaribia lile la bundi, na kazi yake ni ileile: kukusanya sauti na kuipeleka masikioni. Mwaka 1982, mtafiti William Rice alichapisha nchini Marekani majaribio aliyoyafanya kwa kipanga wa ukoo huuhuu wa huko kwao. Ilionekana kwamba ndege huyo anaweza kulipata windo lililofichika kwa kusikia peke yake, bila msaada wa macho wala pua. Hapo mwendo wake wote unaeleweka. Anapita chini kwa sababu mchakacho wa panya ndani ya mpunga hausikiki kutoka juu. Anateleza kwa mabawa yaliyotulia kwa sababu mabawa yanayopigwa yana kelele. Na kwa maoni yangu, ndege anayewinda kwa masikio hana faida ya kulia kazini. Kwa hiyo ukimwona ndege wa kahawia anapita chini, mabawa yameinuka, na hujasikia lolote kwa nusu saa, usiseme kwamba umekosa ushahidi wa sauti. Umeupata.

Zipo nyakati anazolia, na inafaa kuzijua. Wakati wa uchumba dume hupanda juu sana, akacheza angani kwa kupanda na kuporomoka, akitoa mlio wa huzuni unaojirudia. Karibu na kiota, akiona hatari, hutoa mlio mfupi wa haraka haraka, kama kek-kek-kek, huku akimzunguka aliyekuja. Ikitokea hivyo juu ya kichwa chako, maana yake ni moja: kiota kipo hatua chache kutoka ulipo, chini, ndani ya majani, na kila hatua ya mbele ni hatari kwa mayai. Rudi ulikotoka.

Rangi ina nafasi yake pia, ila nafasi hiyo ni ya mwisho, baada ya mwendo kukwambia kwamba huyu ni kipanga wa ukoo huu. Swali linalobaki ni kipanga yupi, kwa maana Mabogini inaweza kumwona mwenyeji na wageni. Mwenyeji, Circus ranivorus, ni wa kahawia yenye michirizi kifuani, na ukimwangalia kwa chini mabawa na mkia vina mistari ya kukingama. Mtoto wake huwa na mkanda hafifu wa rangi ya krimu kifuani. Mgeni mkubwa hutoka Ulaya na Asia ya kati, huwasili karibu na Oktoba na kuondoka ifikapo Aprili. Ni mnene kumzidi mwenyeji. Jike lake ni la kahawia iliyokolea, lenye utosi na koo la rangi ya krimu lililokatwa wazi kama lililopakwa, na mkia usio na mistari. Dume lina rangi tatu, mgongo wa kahawia, sehemu ya bawa na mkia wa kijivu, na ncha nyeusi. Wageni wengine wawili ni wembamba zaidi, na madume yao ni ya kijivu kilichopauka. Mmoja wao, anayeitwa Circus macrourus, yumo katika orodha ya kimataifa ya jamii zinazokaribia kuwa hatarini. Kalenda inarahisisha kazi. Kipanga mnene wa kahawia anayeonekana Januari anahitaji kutazamwa vizuri mkiani kabla ya kupewa jina. Anayeonekana Julai, karibu kila mara ni mwenyeji, na kwa hiyo huenda ana kiota hapahapa.

Kwa nini mtu ajisumbue na haya yote siku hizi, ilhali simu inaweza kumjibu? Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Programu za simu zimewafungulia watu wengi mlango wa kuwajua ndege, na kwa ndege waimbao msituni zina msaada mkubwa. Ila zinahitaji picha nzuri au sauti nzuri. Kipanga anayepita mita mia mbili mbele yako, dhidi ya anga jeupe la mchana, kwa kamera ya simu ya kawaida ni doa. Kwa upande wa sauti, simu inayosikiliza ndege asiyelia itakupa majina ya wale wanaolia karibu yake, na majina hayo yatakuwa sahihi, lakini si ya ndege uliyemuuliza. Simu itumike kuhifadhi tarehe na mahali, na kukagua baadaye. Kutazama kwenyewe hakuna wa kukufanyia.

Pingamizi la pili ni la mwenye kuku. Anasema mwewe ni mwewe tu, wote wanakula vifaranga, na mwenye njaa haulizwi mkia. Ukweli ni kwamba hasara ya vifaranga ipo na inauma, hasa kwa kaya ambayo kuku ndio ada ya shule. Lakini angalia inatokea wapi na vipi. Mwewe wa mdomo wa njano hushuka uani waziwazi, kwa sababu amezoea watu. Vipanga wa misituni, wenye mabawa mafupi na mkia mrefu, hutoka kwa kasi kwenye miti, iwe ni Msitu wa Rau au migomba iliyosongamana, na mmoja wao mweusi mkubwa ni hodari wa kukamata njiwa na kuku. Kipanga wa vinamasi ameumbwa kwa kazi nyingine. Siwezi kusema kwamba hatagusa kamwe kifaranga cha bata kilichopotea kwenye jaruba. Mwindaji huchukua anachokipata. Lakini uchunguzi wa mlo wake uliofanywa Afrika Kusini umeonyesha kwamba chakula chake kikubwa ni panya na wanyama wadogo wa jamii hiyo, kisha ndege wadogo na vyura. Tai mwenye kishungi naye ni mla panya hasa. Na panya shamba si adui mdogo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimetumia miaka mingi kumchunguza panya shamba mwenye chuchu nyingi, anayeweza kuzaa zaidi ya watoto kumi kwa mkupuo, na ambaye idadi yake ikilipuka anaweza kufukua mbegu ya mahindi mara baada ya kupandwa. Kumpiga manati kipanga wa vinamasi kwa kosa la mwewe, au kumtegea nyama yenye sumu, ni kumwondoa mlinzi na kumwacha mwizi, maana mwewe atarudi kesho.

Kuna anayejibu kwamba ndege hawa hata wakiwa wengi hawawezi kuzuia mlipuko wa panya. Ni kweli, na haitamsaidia mtu yeyote kudai vingine. Panya wakishalipuka hakuna kipanga atakayewarudisha. Ila wakati wa kawaida, kila panya anayeliwa kabla ya kuzaa ana uzito wake, na kazi hiyo hufanyika bure, kila siku, bila kuacha sumu ndani ya maji yanayotumiwa na kijiji kinachofuata.

Suala la kweleakwelea ni gumu zaidi, na hapa ndipo utambuzi unapogusa maisha na kifo. Ndege hawa wadogo, wenye uzito wa takriban gramu 20, huja kwa makundi makubwa mno, na kila mmoja anaweza kula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja linaweza basi kumaliza tani 10 kati ya macheo na machweo. Mkulima anayeona mpunga wake ukining'inia masuke matupu ana haki ya kudai hatua, na hatua iliyozoeleka Afrika Mashariki ni ndege za kunyunyizia dawa ya fenthion kwenye mazalia na malazi ya kweleakwelea. Shida ni kwamba palipo na kweleakwelea wengi hukusanyika pia wale wanaowala. Kweleakwelea mwenye dawa mwilini, asiyeweza kuruka vizuri, ndiye windo rahisi kuliko yote. Vipanga, tai na mwewe humla na kudhurika baada yake. Yeyote anayesimamia unyunyizaji akiwaona ndege hao na kusema tu kwamba kuna mwewe, hajaeleza lolote linaloweza kubadilisha uamuzi. Akisema kwamba kuna vipanga wa vinamasi kadhaa wanaolala chini kwenye matete yaleyale, ametoa taarifa inayoweza kusogeza eneo, saa au njia. Na njia nyingine zipo. Huko Kondoa wananchi wana ujuzi wa kuwanasa kweleakwelea kwa wingi, kwa nyavu na mitego ya kufuma, na kuwauza kama kitoweo; watafiti wameiandika kazi hiyo kama mbadala wa sumu, unaoingiza pesa na protini. Haitoshi kwa kila mlipuko, lakini pale inapowezekana inamaliza tatizo bila kuhamishia sumu tumboni mwa ndege mwingine.

Kwamba hatari hii ni ya kweli, takwimu za miaka ya karibuni zinatosha. Mwaka 2022 watafiti walichapisha ulinganisho wa hesabu za ndege mbuai zilizofanywa barabarani nchini Kenya miaka ya 1970 na zile za tangu mwaka 2003: kati ya jamii 22 walizozipima, 19 zilikuwa zimepungua. Mwaka 2024 utafiti wa Afrika nzima uliangalia jamii 42 na kukuta 37 kati yake zimeshuka katika kipindi cha miaka 20 hadi 40. Afrika Kusini imemweka kipanga wa vinamasi katika orodha ya walio hatarini nchini humo, hasa kwa sababu ya kukauka na kulimwa kwa vinamasi. Na kwenye skimu ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, ilibainika kwamba watu walikuwa wakitega ndege wa majini kwa dawa ya kuua wadudu ya kabofurani ili wawauze kwa kuliwa. Bunyala ina majaruba, mifereji na korongo kama Mabogini. Hakuna kinachoikinga skimu yetu isipokuwa watu wanaojua wanachokitazama.

Katika hili Mabogini ina bahati ya kuwa karibu na wenye ujuzi. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, kipo mlimani juu, na kituo cha mafunzo ya kilimo cha Chekereni kipo ndani ya skimu yenyewe. Sioni sababu mafunzo ya kilimo cha mpunga yasiwe na somo la nusu siku kingoni mwa majaruba juu ya ndege mbuai, wala sababu ya wanafunzi wa wanyamapori kutazama mbuga peke yake. Kumbukumbu inayohitajika haihitaji fomu ngumu: tarehe, sehemu ya shamba, namna alivyoruka, alilia au hakulia, na rangi kama ilionekana.

Matumizi ya kwanza ya kumbukumbu hizo yangekuwa kwenye usafishaji wa mifereji. Matete yanayoota kwenye mifereji ya kutolea maji lazima yafyekwe, la sivyo maji hayatembei, na katika skimu ambayo kwa miaka mingi imekuwa na upungufu wa maji kwa sababu ya matumizi makubwa ya huko juu, hakuna atakayekubali mfereji uzibe kwa ajili ya ndege. Wala haombwi mtu kukubali. Kipanga wa vinamasi hujenga chini, ndani ya matete hayohayo. Huatamia kwa takriban mwezi mmoja, na makinda hukaa wiki tano hadi sita kabla ya kuruka. Kwa jumla ni kama wiki kumi. Kiota hakihitaji kutafutwa kwa miguu. Dume likirudi na windo hulibeba kuelekea kiotani likiwa bado angani, jike huinuka kulipokea, hugeuka chali na kulidaka hewani kwa kucha, kisha hushuka wima majanini. Pale anaposhukia mara ya pili na ya tatu ndipo palipo na kiota. Mwangalizi mmoja aliyesimama barabarani anaweza kukionyesha kwa kuhesabu nguzo au makutano ya mifereji, na kikundi cha watumiaji maji kikaanza kufyeka kutoka upande mwingine, kikaacha mita chache za matete kwa wiki hizo kumi, kisha kikamalizia.